Lita Sita za Maziwa

Nilianza kazi ya ukarani Jumatatu, tarehe 4 Februari 1974. Nilikuwa na miaka 21, diploma ya biashara niliyoipata Butembo, na kalamu mbili, moja ya buluu na nyingine nyekundu. Ile nyekundu niliinunua kwa pesa yangu, maana mwalimu wetu wa hesabu alituzoesha kwamba karani asiye na kalamu nyekundu ni mwandishi wa barua tu.

Shamba lilikuwa chini ya Ruwenzori, upande wa barabara inayotoka Beni kwenda Kasindi. Jina lake silitaji kwa kuwa watoto wa pande zote mbili, za aliyenyang'anywa na aliyepewa, bado wako hai, na mmoja wao husali nami kanisa moja. Lilikuwa shamba la mipapai. Msomaji wa mbali atacheka: watu mia mbili wa kazi, wote kwa ajili ya mapapai? Lakini sisi hatukuuza tunda. Tunda tuliwapa nguruwe.

Papai likiwa bado la kijani, ukilichanja ngozi kidogo, kina cha milimita mbili hivi, linatoa utomvu mweupe. Utomvu huo ukikaushwa huwa unga wenye rangi ya samli, na jina lake ni papaini. Kazi ya unga huo ni kuvunjavunja nyama na vitu vya jinsi hiyo. Viwanda vya Ulaya viliutia kwenye bia ili isifanye ukungu ikipoa, viliulainishia nyama ngumu, viliutumia kwenye ngozi na kwenye dawa. Kilo tano za utomvu mbichi hutoa kilo moja kavu. Siku zile Zaire (Kongo ya leo), Uganda na Tanzania zote ziliuza papaini Ulaya, na ya kwetu ilitokea Kasindi, ikavuka Uganda, ikapanda meli Mombasa.

Nilifikaje pale? Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alihutubia wabunge Kinshasa, akatangaza kwamba mashamba, maduka na viwanda vidogo vya wageni vitakabidhiwa kwa Wazaire. Beni tuliipata habari hiyo redioni. Wagiriki waliokuwa na maduka barabara kuu, Wabelgiji waliokuwa na kahawa na mipapai, wote wakaanza kufungasha. Waliopewa mali zao waliitwa kwa Kifaransa acquéreurs. Sisi shambani tuliwaita waokotaji, ila si mbele yao.

Mwokotaji wetu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Butembo, mtu wa ukoo wa mama yangu. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, na mishahara alilipa kwa siku yake kwa muda mrefu kuliko jirani zake. Ila hakuwahi kuona mpapai ukigemwa. Siku ya kwanza alinikabidhi kitabu kikubwa cha hesabu alichokiacha Mbelgiji, akaniambia: "Mtoto wangu, wewe ulisoma. Angalia hii kitabu, kata vitu vyote havina maana."

Hapo kalamu nyekundu ikapata kazi.

Nilikaa na kitabu kile siku tatu ofisini, mlango umefungwa. Nilijiona nafanya uchunguzi. Kumbe nilikuwa nasoma orodha ya majibu ya maswali ambayo sikuwahi kuyasikia. Kulikuwa na mafuta ya taa, mengi mno kwa shamba lisilo na umeme lakini lenye ofisi tatu tu. Nikakata robo tatu. Kulikuwa na malipo ya kila juma kwa mzee mmoja "kwa mianzi". Mianzi ya nini, wakati hatujengi? Nikakata. Kulikuwa na mshahara wa mtu aliyeandikwa mlinzi wa tanuri, wa usiku na wa mchana, mtu huyohuyo mmoja. Nikaandika pembeni: anakula mara mbili. Na katika ukurasa wa kila mwezi, mstari wa chini karibu na mwisho, palikuwa na maziwa, lita sita.

Maziwa yale ndiyo yaliyonifurahisha kuliko yote, kwa kuwa hayo nilijua nimeyaelewa. Yaliletwa kutoka misheni, ambako padri mmoja alifuga ng'ombe. Nikasema: mzungu huyu alikunywa chai yake ya maziwa kwa gharama ya kampuni, miaka yote hii! Nikayachora mstari mwekundu mara mbili. Nilipomwonyesha mwokotaji tulicheka pamoja mpaka akafuta macho.

Sasa nieleze shamba lilivyokuwa likienda kabla yangu, ingawa mambo haya niliyajua baadaye, na kwa aibu.

Wagemaji walikuwa wanawake. Waliingia kwenye mipapai saa kumi na moja alfajiri, giza bado halijaondoka, kila wanne na taa yao moja. Utomvu hutiririka vizuri penye ubaridi na unyevu; jua likishapanda hukatika, unachanja na kuchanja na unapata matone. Ndiyo maana ya mafuta ya taa. Kabla ya kuanza walijipaka mawese mikononi mpaka viwiko, maana utomvu unaovunja nyama hauchagui nyama ya nani. Mgemaji wa miaka miwili ana viganja vyenye makovu madogo meupe. Walichanja kwa visu vya mwanzi, vilivyochongwa upya kila juma na yule mzee niliyemfuta kitabuni, kwa sababu utomvu ukigusana na chuma unaharibika rangi, na unga wake hutoka kahawia kama tumbaku. Utomvu ulidondokea kwenye kitambaa kilichofungwa shinani kama mwavuli uliogeuzwa, ukaganda, ukakwanguliwa, ukapelekwa kwenye tanuri kabla ya saa nne.

Tanuri lilikuwa na mzee wake. Sisi tulimwita Mzee wa Moto. Tanuri lilikuwa la matofali, lenye trei za mbao zilizotandikwa vitambaa, na kuni zake hazikuwa kuni zozote. Mzee aliingiza mkono mpaka kiwiko, akahesabu kimoyomoyo, akautoa. Hakuwa na kipimajoto. Aliwahi kuwa nacho, kikavunjika, na Mbelgiji hakununua kingine kwa kuwa mkono wa mzee haukukosea. Papaini haitaki moto mkali. Ukiupandisha, unga unakauka upesi na unaonekana mzuri kabisa, mweupe, mkavu, wa kupendeza, lakini nguvu yake imekufa humo ndani. Kwa hiyo mzee alilala tanurini. Mshahara wa usiku na wa mchana ulikuwa wake kwa haki.

Mimi nilipunguza mshahara huo nusu. Nikaagiza visu arobaini vya chuma kutoka Kasindi, vizuri, vyenye mpini mwekundu. Nikapanga tanuri litoe trei mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Na wanawake, kwa kuwa mafuta ya taa yamepungua, wakaanza kuingia shambani saa kumi na mbili na nusu, kunapopambazuka.

Hata hivyo si yote niliyoyafanya kwa akili yangu. Mwaka ule Chama cha Mobutu kilitaka kila mahali pa kazi pawe na bendera, nyimbo na ngoma za kumsifu Kiongozi kila asubuhi. Komisera wa zoni alituletea amri: saa moja na nusu, wafanyakazi wote mbele ya mlingoti. Kwa karani wa ofisi hiyo ni saa nzuri. Kwa mgemaji ndiyo saa ambayo utomvu bado unatoka. Wanawake walishuka kutoka mipapaini, wakaimba, wakacheza, wakarudi saa mbili na nusu kukuta vidonda vya mapapai vimekauka. Ukiweka pamoja taa zangu na nyimbo za Chama, tulibakiwa na saa moja ya kazi yenye faida kila siku. Ripoti yangu ya Aprili ilisema kwamba wagemaji wamekuwa wavivu.

Lazima niseme kuhusu Mzee wa Moto, kwa sababu ndiye anayenisumbua hadi leo. Mwezi wa tatu alikuja ofisini, akavua kofia, akauliza: "Karani, maziwa iko wapi?" Nikamwambia maziwa hayapo tena, kampuni hailipi chai ya mtu. Akanitazama, akaenda. Mwezi wa nne akarudi na swali lilelile. Safari hiyo nilisimama, nikamfundisha juu ya mali ya umma, juu ya wazungu walivyotunyonya, juu ya wazee waliozoea makombo ya meza ya bwana. Nilikuwa na miaka 21, naye alikuwa na umri wa babu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wasingya," yaani asante kwa Kinande, akarudi kwenye moto wake. Hakuuliza tena.

Watu wakisimulia habari kama hizi hupenda kusema kwamba wazee walinyamaza makusudi ili kijana aanguke. Huyu hakunyamaza. Alisema mara mbili, tena mlangoni pangu. Mimi nilisikia mtu anayeomba kinywaji.

Barua kutoka Ulaya ilifika Septemba. Magunia ya Machi na Aprili, yale yaliyovuka Uganda na kupanda meli, mnunuzi ameyapima na kuyakataa. Mengine rangi yake ni mbaya. Hilo tulilijua, tulidhani ni mvua. Lakini lililomshangaza mnunuzi ni yale meupe. Yalikuwa yanapendeza kwa macho, na nguvu hayana. Aliandika kwa adabu kwamba kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kupata unga wa namna hii kutoka kwetu, na akauliza kama bado tunafanya jaribio la maziwa kabla ya kufunga magunia.

Niliisoma sentensi hiyo ya mwisho nimesimama. Kisha nikakaa chini.

Jioni nilikwenda tanurini. Mzee alinikaribisha kwenye kigogo, akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto njia ya kwenda kisimani. Yule Mbelgiji hakunywa maziwa yale. Alipasha moto kikombe kimoja, vuguvugu tu, akatia unga kidogo wa kila fungu, akaitazama saa ya mkononi. Papaini yenye nguvu hugandisha maziwa upesi, iliyochoka huchelewa, iliyokufa hukuachia kikombe cha maziwa kama kilivyotoka misheni. "Ikiganda mbio, anacheka. Ikikawia, ananigombeza, na mimi najua moto ulipita." Kikombe kile ndicho kilichokuwa kipimajoto chetu. Maziwa ya lita sita kwa mwezi yalimwambia mzee kila siku kama mkono wake umekosea, na kabla ya gunia kuondoka Beni.

Nimefikiri sana juu ya jambo hilo. Visu vya chuma vilikuwa kosa, lakini kosa linaloonekana. Mtu mwenye macho angelirekebisha kwa juma moja. Taa vilevile. Maziwa ni habari nyingine. Kwa kuyafuta nilikuwa nimeliziba jicho ambalo lingeona makosa mengine yote. Moto ulipita kwa miezi sita na hakuna aliyejua, wala mzee mwenyewe, kwa sababu mkono wake nao ulihitaji kikombe cha kuusahihisha, hasa sasa kwa kuwa alikuwa na trei maradufu na usingizi nusu.

Mwokotaji hakunifukuza. Pengine kwa sababu ya undugu, pengine kwa sababu alikumbuka alivyocheka. Alisema tu: "Sasa wewe ujue hii kazi." Basi tangu Oktoba 1974 mpaka mwaka mpya nilifunga ofisi asubuhi nikaenda kugema.

Aliyenifundisha alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa wanawake, mama wa makamo, mwembamba, ambaye hakujua kusoma na alikumbuka uzito wa kila beseni la jana. Siku ya kwanza nilikataa mawese kwa kuwa yalichafua shati. Jioni sikuweza kufunga vifungo vya shati lenyewe. Hakunicheka, ila aliwaita wenzake waje waone mikono ya karani. Juma la pili alinifundisha kuchanja: mistari mitatu au minne kutoka juu kwenda chini, si kwa kina, na tunda hilohilo usiliguse tena mpaka juma lipite. Nilijifunza pia kusikiliza. Wagemaji wanaongea kazini toka mwanzo hadi mwisho, na nusu ya maongezi hayo ni habari za shamba: safu ipi ina ugonjwa, mti upi umechoka, nani anapitisha kisu ndani mno. Mimi ofisini nilikuwa nimepiga marufuku kuongea kazini. Kapita alikuwa ameipokea amri yangu na kuiweka mahali salama, pasipofikika na mtu.

Nisije nikaonekana nasema kila cha zamani kilikuwa dhahabu. Kulikuwa na desturi ya kuacha kazi Alhamisi saa sita mchana. Baada ya kupigwa na maziwa niliogopa kuigusa. Nikauliza wagemaji, nikauliza makapita, nikatafuta siri yake wiki nzima. Mzee wa Moto alicheka hadi akakohoa. Alhamisi ndiyo siku ambayo bibi wa Mbelgiji alichukua lori kwenda Beni, na bila lori hapakuwa na wa kupokea mzigo. Bibi alikuwa Ulaya tangu Desemba. Tukaifuta desturi hiyo, na hakuna aliyelalamika isipokuwa dereva.

Na ilikuwapo nyingine, mbaya. Mezani pa mizani kila beseni la mgemaji lilikatwa kilo moja na nusu, "uzito wa chombo". Siku moja kapita aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama nimewahi kupima beseni tupu. Nilipima. Halikufika hata gramu mia saba. Miaka yote wanawake walilipwa pungufu, kila siku, kila beseni, na kitabu cha Mbelgiji kilinyooka kama rula kwa sababu wizi uliandikwa ndani ya kanuni. Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akajibu: "Hiyo pia ni desturi ya kazi, mtoto wangu. Ulikuwa hujafika kwenye hiyo." Tulirekebisha mizani Januari 1975. Nathubutu kusema kwamba kwa kalamu yangu ya kwanza nisingeiona kamwe, kwa sababu kwenye kitabu hapakuwa na mstari wa kukata.

Suala la bendera lilipatiwa dawa kwa njia ya Beni. Mwakilishi wa Chama aliyepaswa kusimamia nyimbo zetu alikuwa mtu wa kulala. Kapita alimwendea na kuku wawili, akamwonea huruma kwa kuamka mapema hivyo kwa ajili ya wanakijiji. Tangu hapo Kiongozi alisifiwa saa tatu na nusu, utomvu ukiwa tayari tanurini, na alisifiwa vizuri zaidi, maana watu walikuwa wamemaliza kazi.

Magunia ya kati ya mwaka 1975 yalipita. Mnunuzi aliandika mistari miwili ya pongezi. Ningependa hadithi iishie hapo, lakini shamba lilikufa hata hivyo. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka, fedha za kigeni hazikupatikana, vipuri vya lori havikupatikana, mafuta yalipatikana kwa magendo. Mwokotaji aliuza lori moja ili alipe mishahara, kisha la pili. Serikali yenyewe ilikuwa imeanza kurudi nyuma: mwishoni mwa 1975 ilikubali wageni warudishiwe sehemu ya mali zao, na Septemba 1976 ikaongeza sehemu hiyo hadi asilimia 60. Mbelgiji wetu hakurudi. Mipapai haingoji mtu. Ikizeeka miaka minne bila kupandwa mingine, shamba limekwisha. Mimi nilipanda Butembo kufanya biashara ya maharage na baadaye ya vipuri, nikakaa huko.

Miaka mingi sikumsimulia mtu habari ya maziwa. Wanangu waliisikia kama kichekesho cha baba. Ilibadilika mwaka 2018.

Tarehe 1 Agosti mwaka huo Ebola ilitangazwa Mangina, magharibi ya Beni. Ulikuwa mlipuko wa kumi kwa Kongo na wa kwanza kwa Kivu yetu. Mjukuu wangu wa kike, mwenye cheti cha uuguzi, aliajiriwa kwenye kile tulichokiita riposti, yaani kazi ya kupambana na mlipuko huo. Alirudi nyumbani jioni moja Novemba na kioo cha gari lao kimevunjwa kwa mawe. Alikuwa na hasira. Alisema watu ni wajinga, wanakataa kuzikiwa maiti zao kwa usalama, wanadai kufungua mfuko. Alikuwa sahihi kuhusu ugonjwa: maiti ya Ebola huambukiza sana. Nilimwuliza wakifungua mfuko wanatafuta nini. Akasema hajui, hawajauliza, kazi ni nyingi.

Nikamsimulia lita sita. Hakucheka.

Mtu wa kwetu akifa, ndugu humtazama uso. Wanamtazama ili wajue aliyemo sandukuni ni mtu wao, ili aliyetoka Lubero au Kampala asije akasema baadaye kwamba hakuona, ili ugomvi wa urithi na wa uchawi usipate mlango. Katika nchi ambayo tangu Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku na wauaji wasiojulikana vizuri, mtu aliyefunikwa kwa plastiki uso mzima anakuja na gari, anachukua maiti ndani ya mfuko uliofungwa, anakwambia zika. Kwa ndugu, mfuko ule ulikuwa unga mweupe usiopimwa.

Mambo yalizidi kuwa mabaya kabla ya kupata nafuu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa ndani ya siku nne, tarehe 24 na 27. Aprili daktari Mkameruni wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko, aliuawa hapa Butembo. Hakuna desturi ya maziko inayoweza kueleza risasi zile. Zilikuwa na siasa yake, na uchaguzi ulioahirishwa kwetu wakati sehemu kubwa ya nchi inapiga kura Desemba iliyotangulia ulikuwa umemwaga petroli. Lakini lile la uso lilipata jibu, na jibu lilikuwa dogo. Ilianza kuletwa mifuko ya maiti inayoonyesha ndani. Ndugu walisogea kwa umbali walioambiwa, wakatazama, wakatikisa kichwa, wakaruhusu. Beni palijengwa vyumba vya wagonjwa vyenye kuta za plastiki angavu, mama akasimama nje akazungumza na mwanawe aliye kitandani. Sehemu nyingine vijana wa familia walifundishwa kuvaa mavazi ya kinga wakabeba jeneza wenyewe. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 walikuwa wamekufa. Mjukuu wangu huamini kwamba baadhi yao wangepona kama swali lile lingeulizwa Agosti. Mimi sina ubishi naye.

Mzee wa Moto alifariki miaka ya themanini. Nilipata habari baada ya matanga. Kapita wa wanawake alikuja Butembo na wakimbizi mwaka 2014, mzee sana, akakaa kwa binti yake, na tulionana mara tatu kabla hajatutoka. Mara ya mwisho nilimwuliza kama walinichukia mwaka ule wa kalamu nyekundu. Alisema hawakuwa na nafasi. Walikuwa wanabishana ni nani kati yao atakayenifundisha.

Mashamba ya Beni sasa yamejaa kakao, na mengi hayafikiki kwa sababu ya vita. Wagemaji wa miaka ya sabini waliobaki ni wachache, wametawanyika Oicha, Butembo na vijiji vya barabara ya Kasindi, na waliyoyajua hayamo katika kitabu chochote cha hesabu. Kama una mukaka, bibi mzee aliyewahi kuishi huko, mwombe akuonyeshe viganja vyake. Ukiona makovu madogo meupe, kaa chini umwulize, na uyaandike majibu yake mwaka huu.